Somo: Kung'amua wito wa utawa, hatua kwa hatua

Tumsifu Yesu Kristo.

Somo hili ni la yule ambaye wazo la utawa limemjia, likaondoka, likarudi tena, na sasa hajui alipeleke wapi. Nawaandikia vijana na watu wazima pia, kwa maana wazo hili halichagui umri. Nitakwenda kwa hatua, ila hatua zenyewe hazilingani: moja yaweza kukuchukua mwaka mzima, nyingine alasiri moja.

Wengi huamini kwamba wito ni jambo la kuhakikisha kwanza peke yako, na kwamba hupaswi kubisha hodi popote mpaka uwe na uhakika kamili. Watu wazuri wamekaa miaka kumi na mawazo hayo, wakisali kila siku wapewe ishara. Kanisa halikuombi uhakika huo mlangoni. Limeweka muda mrefu wa malezi kwa sababu linajua kwamba uhakika huja njiani. Tena nusu ya kazi ya kung'amua si yako. Ni ya jumuiya itakayokupokea au kukuambia hapana.

Hatua ya kwanza: rudi kwenye sala ya kawaida

Usitafute novena (sala ya siku tisa) ya pekee. Shika Misa, mara nyingi kadiri uwezavyo, hata siku zisizo za Dominika. Pokea sakramenti ya kitubio kwa utaratibu. Kila siku kaa robo saa na Injili ya siku hiyo, kisha nyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo linalowashinda wengi, nami nalisisitiza kuliko mengine, kwa sababu anayesema tu mbele ya Mungu ataishia kusikia sauti yake mwenyewe.

Hatua ya pili: chunguza kinachokuvuta, na kinachokusukuma

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu hujidanganya bila kukusudia.

Mwaka 1521 askari mmoja aliyeitwa Inyasi wa Loyola alivunjwa mguu na kombora la mzinga huko Pamplona. Akiwa amelazwa nyumbani kwao aliomba hadithi za mashujaa wa vita, akaletewa maisha ya Kristo na ya watakatifu, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwapo. Akaanza kugundua jambo. Alipowaza ushujaa na mwanamke wa ukoo bora aliyetamani kumtumikia, alifurahi sana, lakini mawazo hayo yakiisha alibaki mkavu na bila raha. Alipowaza kuishi kama watakatifu Fransisko na Dominiko, alifurahi pia, na furaha ile ilibaki hata baada ya wazo kupita. Kutokana na tofauti hiyo ndogo akajenga mafundisho yake yote ya kupambanua roho, yaani kutambua ni mvuto upi unatoka kwa Mungu na upi hautoki kwake.

Fanya kama yeye. Nunua daftari. Kila jioni andika mistari miwili au mitatu: leo wazo la utawa lilikuja wakati gani, likaniacha vipi? Usiandike hukumu, andika kilichotokea tu. Baada ya miezi michache soma yote kwa mkupuo mmoja. Kama wazo huja siku za ugomvi nyumbani peke yake, au kila unapoachwa na mchumba, hapo unasukumwa, huvutwi. Kama huja hata siku za furaha, ukiwa na kazi nzuri na marafiki wazuri, na likiondoka linakuacha na amani na moyo wa kuwasaidia wengine, lipe uzito.

Jiulize waziwazi pia: je, napenda vazi? Natafuta elimu? Nakimbia ndoa kwa sababu ya niliyoyaona kwa wazazi wangu? Naogopa maisha ya kujitegemea? Ukikuta mojawapo ya haya ndani yako, usikate tamaa. Nia za binadamu huchanganyika, na Mungu huzitakasa polepole. Ila sababu hiyo isiwe ndiyo nguzo, maana siku ikianguka utaanguka nayo.

Inyasi aliacha maonyo mawili yanayokwenda pamoja. Wakati wa ukiwa wa roho, sala ikiwa chungu na kila kitu kizito, usibadilishe uamuzi ulioufanya ukiwa na amani. Na wakati wa faraja kubwa, kama vile siku ya mwisho ya mafungo, usikimbilie kumwekea Mungu nadhiri. Onyo hili la pili husahaulika. Kijana anarudi kutoka mafungo, anawatangazia watu wote, na wiki ya tatu hana la kusema.

Hatua ya tatu: mtafute mtu wa kukusikiliza

Soma 1 Samweli sura ya 3. Mtoto Samweli aliitwa mara tatu, na mara zote tatu alikimbilia kwa kuhani Eli. Eli alikuwa mzee, macho yamefifia, na nyumba yake ina dosari kubwa. Hata hivyo ni yeye aliyetambua kwamba ni Bwana anayeita. Mshauri wa kiroho si lazima awe mtakatifu wa ajabu. Awe mtu wa sala, mwenye busara, anayeweza kutunza siri, na asiwe na haraka ya kukupeleka shirika lake mwenyewe. Padre, sista, bruda, hata mlei aliyeandaliwa. Onana naye mara moja kwa mwezi hivi, umsomee daftari lako bila kuficha kurasa.

Hatua ya nne: yajue mashirika, kisha uende ukaone

Hakuna wito wa "utawa" kwa jumla. Mtu huitwa kwenye jumuiya fulani, yenye karama yake (kipaji na roho yake ya pekee), meza yake, na watu ambao hukuwachagua. Wapo wamonaki na masista wa ndani, ambao kazi yao kuu ni sala. Yapo mashirika ya kitume: shule, hospitali, parokia, wakimbizi, wafungwa. Zipo taasisi za kilimwengu, ambazo wanachama wake wamejiweka wakfu huku wakiendelea na kazi zao katikati ya watu. Soma juu ya machache tu, usikusanye vipeperushi ishirini.

Halafu nenda. Omba kukaa siku kadhaa, na ukiwa huko usiangalie kanisa pekee. Sikiliza wanavyomsema mwenzao ambaye hayupo. Tazama wazee na wagonjwa wao wanatunzwa vipi. Tazama kama wanacheka. Ona kama mkubwa anaweza kuambiwa kitu na mdogo. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 58 ya Kanuni yake ya maisha ya wamonaki, anaagiza kwamba anayekuja asikubaliwe kirahisi, na kwamba asomewe Kanuni yote mara tatu ndani ya kipindi cha majaribio, ili ajue anachoingia. Jumuiya yenye afya haiogopi kukuonyesha maisha yake, wala haikuvuti kwa mkono.

Zipo dalili za kukufanya uondoke. Kundi linalojiita shirika lakini halina idhini ya askofu: uliza jimboni, ni haki yako. Watu wanaokutaka ukate mawasiliano na wazazi na mshauri wako kabla hata hujaingia. Wanaodai fedha ili "kuharakisha" nafasi yako. Kiongozi anayetaka umfungulie kila siri ya moyo kama sharti: Sheria ya Kanisa, kanuni 630, inamkataza mkuu wa shirika kumshawishi mtawa kwa njia yoyote amfunulie dhamiri yake. Uwazi kwa mkubwa hutoka kwa hiari.

Hatua ya tano: hakikisha uko huru

Kanuni 643 ya Sheria ya Kanisa hairuhusu kumpokea unovisi (kipindi cha majaribio na malezi kabla ya nadhiri) mtu ambaye hajatimiza miaka 17, aliye ndani ya ndoa ambayo bado ipo, aliyefungwa na shirika jingine, au anayeingia kwa kulazimishwa, kwa hofu kubwa au kwa hila. Kanuni 644 inataja na wenye madeni wasiyoweza kuyalipa. Kwa hiyo lipa deni lako kwanza. Utahitaji vyeti vya ubatizo na kipaimara na uthibitisho kwamba hujafungwa na ndoa. Shirika litaangalia pia afya, tabia na ukomavu wako, na laweza kutumia wataalamu. Usifiche ugonjwa. Kinachofichwa mlangoni hujitokeza ndani, na hapo huumiza watu wengi.

Hatua ya sita: omba kuingia

Muda wa upostulanti, yaani maandalizi kabla ya unovisi, hutofautiana shirika hadi shirika. Unovisi ni miezi 12 kamili angalau, na haupangwi kuzidi miaka 2, ingawa mkuu anaweza kuongeza hadi miezi 6 kama bado kuna shaka. Kisha nadhiri za muda, miaka isiyopungua 3 wala kuzidi 6, na kwa sababu maalumu hufika 9. Nadhiri za daima haziwekwi kabla ya miaka 21 ya umri. Kwa masista wa ndani, maagizo ya Vatikano ya mwaka 2018 yanataka malezi yote yachukue miaka 9 hadi 12.

Isome miaka hiyo kama huruma. Katika unovisi unaweza kuondoka siku yoyote, bila dhambi na bila aibu. Anayeondoka baada ya kung'amua vema amefanya kile alichokwenda kufanya.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo Sista. Mama hataki kabisa, na baba ni mgonjwa. Mimi ndiye ninayewalisha. Je, nimtii Mungu au wazazi?

Marahaba mwanangu. Tenganisha mambo hayo mawili. Kutokutaka kwa mama ni jambo moja. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifungiwa na ndugu zake wasitake awe Mdominiko (mtawa wa shirika la Mtakatifu Dominiko), naye hakurudi nyuma. Lakini Thoma huyohuyo alifundisha kwamba kama wazazi hawawezi kuishi bila msaada wa mtoto wao, haimpasi kuwaacha ili aingie utawani. Kwa hiyo anza na baba. Kaa na ndugu zako, muone kama mzigo unaweza kugawanywa kweli, si kwa maneno tu. Kama haiwezekani sasa, kuwatunza ndiyo mapenzi ya Mungu kwako kwa sasa, na wito wa kweli hautaoza kwa kungoja. Na mama, usishindane naye. Mkaribishe siku moja aende nawe kuwaona masista.

Swali: Sista, nina mchumba ninayempenda sana. Hii si dalili kwamba sina wito?

Si dalili ya hivyo wala ya vingine. Asiyeweza kupenda hafai ndoa wala utawa. Ila mtendee haki mwenzako. Usimweke mtu pembeni kama akiba wakati unajaribu mlango mwingine. Mwambie unachokipambanua, na kama wazo limekua hadi unataka kuchukua hatua ya nne, simamisha uchumba. Itauma, na pengine mtarudiana mkiwa na hakika zaidi. Ndoa ni wito, si nafasi ya walioshindwa.

Swali: Zamani niliishi vibaya. Siyo bikira. Nimeshaungama, lakini naona haya kuomba.

Mpendwa, shirika la kitawa halidai ubikira kama sharti la kuingia. Linadai uwezo wa kuishi useja kwa uaminifu na furaha kuanzia sasa. Charles de Foucauld, Mfaransa aliyekuja kuwa padre, aliupoteza ujana wake katika anasa na bila imani, na mwaka 2022 ametangazwa mtakatifu. Unachopaswa kuonyesha ni kwamba maisha mapya yamedumu kwa muda, si kwa wiki mbili. Kama kuna mtoto aliyezaliwa, hilo sema mapema, kwa sababu yeye ana haki zake kwako.

Swali: Mimi ni mjane, miaka 41, watoto wangu wawili bado wako shule. Nimechelewa?

Ujane hauzuii. Mtakatifu Yoana Fransiska wa Chantal alifiwa na mume mwaka 1601, akaanzisha shirika pamoja na Mtakatifu Fransisko wa Sales mwaka 1610, baada ya kuwapangia watoto wake maisha yao. Mashirika mengi yana ukomo wa umri, hivyo uliza kabla ya kuupa moyo matumaini. Lakini watoto kwanza, dada yangu. Wakati huu unaweza kuishi karama ya shirika kama mlei, katika utawa wa tatu (tawi la walei wa shirika) au vyama vinavyoambatana nalo.

Swali: Nilikaa unovisi, wakaniambia nirudi nyumbani. Hawakunieleza vizuri. Je, Mungu alinidanganya?

Pole sana. Inauma, na nasikitika kwamba hukupewa maelezo. Una haki ya kuandika barua kwa heshima kuomba sababu. Mungu hakukudanganya. Louis Martin alitamani kuingia monasteri akashindwa kwa ajili ya Kilatini, na Zélie, aliyekuja kuwa mke wake, aliomba kwa masista akakataliwa. Walifunga ndoa mwaka 1858. Mabinti wao watano waliokua wote wakawa watawa, mmoja wao ni Teresa wa Mtoto Yesu, na wazazi hao walitangazwa watakatifu mwaka 2015. Sikuahidi kwamba njia yako itafanana na yao. Nakuomba tu usiombe shirika jingine mwaka huu. Pumzika, fanya kazi, zungumza na mshauri wako juu ya hasira hiyo mpaka iishe nguvu. Siku ukiomba tena mahali pengine, sema wazi kwamba ulikuwa novisi. Sheria inadai hivyo, na watakuheshimu zaidi.

Swali: Niko tayari kuwaandikia. Barua ya kwanza niandike nini? Nimeanza mara nyingi, nafuta.

Nusu ukurasa watosha. Jina, umri, parokia, elimu, unachofanya sasa. Uliwafahamuje. Kitu kimoja katika maisha yao kinachokuvuta, kwa maneno yako mwenyewe, si ya kwenye kipeperushi chao. Kisha omba jambo dogo: kuja kuwatembelea na kuongea na mlezi wa miito. Usisimulie historia ya dhambi zako, usiahidi kitu, usitumie maneno makubwa. Weka jina la padre wako wa parokia kama atakuwa amekubali. Itume leo kabla ya kuifuta tena.