Kutunza Subaru Impreza ya Tabo kwa Mtu Anayeishi Tabora

Impreza WRX au STI, yaani matoleo yenye tabo, ya miaka ya mwisho ya 1990 na ya mwanzo wa 2000 ni gari lililobuniwa kwa petroli ya oktani ya juu (isiyojiwasha mapema ndani ya silinda) na mmiliki anayefuata kitabu cha matengenezo bila kuruka ukurasa. Likifika Tabora hukutana na vumbi, jua la Oktoba na mmiliki wa tatu au wa nne ambaye hana kitabu hicho, na hata akiwa nacho kimeandikwa Kijapani. Kwa sababu hiyo mwongozo huu haushughuliki na namna ya kuliongezea nguvu. Nguvu linazo za kutosha: STI nyingi zilitoka kiwandani na nguvu za farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana kutokukivuka hadi mwaka 2004. Nilichokiona mimi ni kwamba injini hizi haziuawi na mwendo kasi peke yake, bali na kazi ndogo zilizoahirishwa, na mpangilio wa kazi hizo una maana kubwa.

Kazi ya kwanza baada ya kununua, kabla ya rimu, redio na rangi, ni mkanda wa taimingi, ule unaooanisha kranki na valvu. Usiiamini namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi, kwa kuwa dashibodi hubadilishwa na namba huchezewa. Kama huna ushahidi kwamba mkanda umebadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa. Mkanda huu hubadilishwa kila kilomita 100,000, na katika EJ20, injini ya magari haya, ukikatika, valvu hugongana na pistoni, kisha unaanza kutafuta silinda hedi au injini nzima. Badilisha pamoja nao kikazio, roli zake na pampu ya maji, kwa sababu pampu hiyo inazungushwa na mkanda huohuo, na haina maana kufungua sehemu yote ya mbele ya injini leo kisha kuifungua tena baada ya miezi minne kwa ajili ya pampu inayovuja.

Simama karibu na fundi wakati wa kufunga. Gia ya kranki ina mshale unaoonekana vizuri sana, na kando yake kuna kistari kidogo kwenye jino la nyuma, ambacho mara nyingi kimefunikwa na oili na uchafu. Alama sahihi ni kistari, si mshale. Fundi aliyezoea Toyota huuona mshale, akaulenga juu, akahesabu meno vizuri kabisa, na kazi yote ikawa imeharibika tangu mwanzo. Kistari kikikaa mahali pake pistoni zote nne huwa katikati ya safari yake, na hapo hata kemushafti ya kushoto, inayosukumwa na springi za valvu, ikiruka ghafla haiwezi kugonganisha valvu na pistoni. Mwombe afute gia kwa kitambaa chenye petroli kidogo hadi kistari kionekane, azungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili akimaliza, kisha aangalie alama upya kabla ya kugusa swichi.

Oili ndiyo inayofuata, na hapa sipendi ubishi. Injini hii hushika lita 4 hadi 4.5, na baadhi yake hula oili kidogo kidogo bila kutoa moshi unaoonekana. Pima kila wiki, asubuhi, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini ikiwa ya baridi. Lita moja ikipungua, gari litaendelea kwenda kana kwamba hakuna kitu, hadi siku utakapokata kona kwa nguvu, oili ikajikusanya upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), na beringi za konrodi zikakosa ulainishaji kwa sekunde chache. Ule mlio wa kugonga unaosikika baadaye, mafundi wetu huuita kunoki, hauponi kwa dawa ya kumimina. Kwa joto la huku mimi hutumia oili ya 5W-40 au 10W-40 na kuimwaga kila kilomita 4,000 hadi 5,000 pamoja na filta. Tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa eksozi, hupata oili kupitia bomba jembamba ambalo katika matoleo mengi lina kichujio kidogo ndani ya boliti yake. Oili iliyokaa muda mrefu hugeuka masizi, masizi huziba kichujio, na tabo hufa kwa kiu wakati sampu imejaa. Waambie wakikague kila wanapofungua sehemu hiyo. Ukitoka safari ndefu, endesha taratibu kilomita mbili tatu za mwisho kabla ya kuzima, ili tabo ipoe.

Sasa maji, na hapa ndipo wengi wetu tumelipa ada. Mji wa Tabora uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kinachozuia maji ya injini yasichemke mapema ni mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko cha mfumo wa maji, na kifuniko kizima huyaruhusu kupita nyuzi 115 yakiwa bado maji. Ndiyo maana kifuniko chenye mpira uliokakamaa, kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo huu, kinaweza kukuunguzia gasketi. Kinunue kipya, tena chenye kiwango kilekile cha mgandamizo kilichoandikwa juu ya kile cha zamani, na ujaze kulanti (dawa ya kupoza injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa. Maji ya kisima huacha magadi ndani ya mirija ya radieta.

Mwaka wangu wa kwanza na gari hili, fundi mmoja alibadilisha thamostati na kumimina maji kwa jagi kwa haraka, kwani jioni ilikuwa imeingia. Kesho yake, nikirudi kutoka Nzega, nilipokaribia Puge mshale wa joto ulianza kupanda. Niliwasha hita ili ipunguze joto la injini, nikashangaa kuona inatoa upepo wa baridi. Upepo wa baridi kwenye hita wakati injini inachemka una maana moja kati ya mbili: maji yamepungua, au kuna hewa iliyojifungia ndani. Kwangu ilikuwa hewa. Nilikaa chini ya mwembe karibu saa nzima hadi bomba la juu la radieta likashikika kwa mkono, ndipo nikafungua kifuniko. Injini hii ina silinda zilizolala kwa ubavu, kwa hiyo hewa hupata pa kujificha. Legeza skrubu ndogo ya plastiki iliyo kwenye kona ya juu ya radieta, mimina taratibu kupitia tangi la juu hadi maji yasiyo na mapovu yatoke kwenye skrubu hiyo, funga, washa injini hita ikiwa kwenye joto la juu, na uongeze kila yanaposhuka. Kazi hiyo huchukua nusu saa, na anayekuambia dakika tano mwache aende.

Kwa vumbi la njia za mashamba ya tumbaku, filta ya hewa ya karatasi ndani ya boksi lake la asili ni bora kuliko ile ya kofia iliyo wazi ambayo vijana huipenda kwa mlio wake. Ile ya wazi huvuta hewa ya moto ya chini ya boneti, na vumbi linalopita hulamba mapanga ya tabo kama msasa. Ile ya karatasi ikague kila mwezi wakati wa kiangazi. Wale wanaofunga valvu ya kutoa upepo wa tabo nje ili gari lipige mluzi wajue kwamba, katika matoleo yenye sensa ya kupima hewa inayoingia, sensa hiyo ilikwisha kuipima hewa hiyo, hivyo injini hupewa petroli ya hewa isiyokuwepo, na plagi huwa nyeusi.

Kuhusu mafuta, nchini Japani gari hili lilitegemea petroli ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vyao haipungui oktani 96. Usijaze petroli ya madumu ya barabarani, na ukisikia injini ikitoa mlio kama kokoto ndani ya kopo unapopanda mlima, inua mguu mara moja.

Jambo la mwisho ni matairi, ambalo watu wa magari ya kuvuta mbele hawalijui. Impreza hii ya tabo huendesha magurudumu yote manne, na katikati ya giaboksi ya WRX ya klachi kuna kifaa chenye mafuta mazito kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Tairi moja likipasuka ukaweka jipya kando ya matatu yaliyolika, mizunguko haitalingana, na kifaa hicho kitafanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka hadi kiungue. Nunua matairi manne kwa pamoja, ya chapa na saizi moja, uyazungushe nafasi kila unapomwaga oili. Lile la akiba lichukue katika yale uliyoyavua, na kabla ya kulifunga zungushia futi kamba ya fundi cherehani ulinganishe na matatu yaliyobaki: tofauti ikizidi milimita 6 za mzingo, litumie kufika nyumbani tu, kwa mwendo wa pole.