Ukiambiwa dawa ya kutoa chuma mwilini inaponya kansa

Kijana aliingia dukani kwangu Majengo, Moshi, saa mbili asubuhi, sijamaliza hata kufuta kaunta. "Shikamoo mama." Nikamwitikia. Akanionyesha video kwenye simu: mtu anasema kansa inakula chuma, ukiinyima chuma inakufa, na dawa ya kukitoa chuma mwilini ipo. Alikuwa anaitafuta hiyo dawa. Mama yake ana kansa ya shingo ya kizazi, anahudhuria kliniki hospitali ya KCMC, na nyumbani walishamwachisha vidonge vya kuongeza damu, vile vyenye chuma, wiki 2 zilizopita. "Tusiilishe kansa, mama," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

Nimeuza dawa miaka 19. Haya niliyomwambia ndiyo nawaambia na ninyi, kwa mpangilio uleule.

Anza na kilichosimamishwa. Kama mmemwachisha mgonjwa dawa yoyote, rudini kliniki leo mkaseme, wala msione haya. Mgonjwa wa shingo ya kizazi mara nyingi anavuja damu kidogo kidogo. Damu ikishuka sana, kemo na mionzi vinaweza kuahirishwa mpaka aongezewe damu, na wakati mnasubiri, uvimbe hausubiri.

Kisha elewa dawa hiyo inavyokitoa chuma: inakishika kwanza, na kushika maana yake hii. Hili nataka ulione kwa macho. Mimina chai ya rangi nzito, isiyo na sukari, kwenye kikombe cheupe. Ponda kidonge kimoja cha chuma, hivi wanavyopewa wajawazito, kikoroge kwenye vijiko viwili vya maji, kisha mimina maji hayo kwenye chai. Inageuka nyeusi kama wino. Tanini za majani ya chai zimekikamata chuma, hakiko huru tena. Ukikamulia limau, weusi unapungua, kwa sababu ukali wa limau unakiachia. Nilimfanyia kijana pale pale kwenye kaunta, akainama mpaka pua ikakaribia kikombe. Ukimaliza mwaga, osha, na vidonge viweke juu kabisa kabatini: mtoto mdogo akimeza vingi vinaweza kumuua. Na ndiyo sababu nawakataza watu kumeza vidonge vya chuma kwa chai. Achieni nafasi ya saa moja au mbili.

Dawa za hospitali za kushika chuma zinafanya kazi ya namna hiyo, ila ndani ya mwili. Ya zamani ni deferoksamini, iliyopatikana kwa bakteria wa udongoni. Inaingizwa chini ya ngozi kwa sindano na pampu ndogo, saa 8 hadi 12, usiku baada ya usiku, na mkojo unaweza kutoka mwekundu-mwekundu kwa chuma kinachotolewa. Baadaye zikaja za kumeza: deferiproni, na deferasiroksi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Zilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaoongezewa damu mara nyingi, kama wagonjwa wa talasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, na baadhi ya wenye selimundu. Chupa moja ya damu inaingiza miligramu 200 hivi za chuma au zaidi, na mwili kwa kawaida unapoteza kama miligramu 1 tu kwa siku. Kinachobaki kinarundikana kwenye ini na moyo.

Sasa kuhusu kansa, aliyetengeneza video hakutunga kila kitu. Seli ya kansa inagawanyika kwa kasi, na ili itengeneze DNA mpya inahitaji kimeng'enya, yaani protini ya kuendesha kazi hiyo, ambacho hakifanyi kazi bila chuma. Seli nyingi za kansa huongeza hata milango ya kuingizia chuma. Kwa hiyo wanasayansi walijaribu. Italia, mwaka 1990, waliwapa deferoksamini watoto 9 wenye neuroblastoma, kansa ya utotoni inayoanzia kwenye seli za neva, na kwa watoto 7 seli za kansa kwenye uboho zilipungua. Moyo unaruka ukisoma hivyo. Wengine walipojaribu tena kwa watoto ambao ugonjwa uliwarudia, hawakuona matokeo yale. Kisha ikaja triapini, inayokilenga kimeng'enya hicho hicho kwa kutumia chuma. Hiyo ilijaribiwa kwa wanawake wenye kansa kama ya mama wa kijana huyu, pamoja na cisplatin, ambayo ni dawa ya kemo, na mionzi. Jaribio kubwa la awamu ya tatu halikuonyesha kwamba wanaishi muda mrefu zaidi. Utafiti unaendelea, na mimi naufuatilia kwa matumaini ya kweli, lakini hakuna dawa ya kushika chuma ninayoweza kukufungia kwenye karatasi leo niseme ni ya kansa.

Usiagize mtandaoni pia. Deferasiroksi ina onyo zito la figo kufeli, ini kufeli na kutoka damu tumboni, na hatari hiyo ya damu ni kubwa zaidi kwa wazee wenye kansa ya damu iliyofika mbali au wenye chembe sahani chache, zile zinazogandisha damu. Aliyepewa kihalali anapimwa figo na ini mara kwa mara. Muuzaji wa kwenye simu hampimi mtu.

Mwisho, geuza kadi ya kliniki uandike maswali nyuma yake, maana mbele ya daktari tunasahau. Damu yake imesoma ngapi? Upungufu huu unatokana na kuvuja, na dawa, au na chuma kidogo? Je, kuna utafiti wowote anaoweza kujiunga nao? Mkipimiwa feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ikawa juu, msikimbilie kusema chuma kimezidi. Uvimbe na maambukizi huipandisha hata kama chuma ni kidogo. Muulizeni daktari anaisomaje.

Kijana aliondoka bila kununua kitu. Alhamisi alipita tena, kadi mkononi, maswali yote matatu yameandikwa kwa kalamu nyekundu. Damu ya mama ilisoma 6.8, wamemwongezea chupa mbili, na mionzi inaanza tena Jumatatu. Aliomba limau moja nililobakiza, kwa ajili ya uji wa mama.