Kuhesabu ndege wa uani Februari: somo la dakika 15

Hapa Minneapolis, Marekani, mwezi wa Februari theluji bado imejaa uani, na watu hudhani hakuna cha kutazama. Kipo. Miti haina majani, ndege hana pa kujificha, kwa hiyo anayeanza hatapata msimu mwepesi kuliko huu. Tena kila Februari kuna siku 4 za kuhesabu ndege wa uani, zoezi lililoanzishwa mwaka 1998 na Cornell Lab of Ornithology, kituo cha utafiti wa ndege, pamoja na Audubon, shirika la kuhifadhi ndege.

1. Weka mbegu za alizeti, zile nyeusi ndogo. Mkate hapana. Chombo kikae karibu kabisa na dirisha, chini ya mita 1, au mbali zaidi ya mita 9. Ndege akishtuka akiwa karibu, anagonga kioo kabla hajashika kasi. Hapo katikati ndipo wanapokufa.

2. Pakua Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege, ujiandikishe na eBird, mtandao wa kutuma orodha ya ndege uliowaona. Zote bure.

3. Kaa dirishani na chai yako dakika 15 au zaidi. Anza na ndege watatu. Kadinali: dume jekundu, jike la kahawia mwenye mdomo wa chungwa, na wote wawili huimba. Junko ni wa kijivu, tumbo jeupe, huokota mbegu chini. Chikadii ana kofia nyeusi, na jina lake ni mlio wake: chika-dii-dii. Msikilize vizuri huyu! Akiona adui wa hatari zaidi, huongeza hizo "dii".

4. Merlin ikisikia mlio inakutajia jina. Usiandike bado. Mwaka jana niliandika mwewe kwa furaha kubwa. Kuinua macho, ni blujei, ndege wa bluu, juu ya waya, anamwigiza mwewe. Kwenzi naye ni mwigizaji, kizazi cha wale walioachiwa Central Park, New York, mwaka 1890. Kwa hiyo ndege yeyote, mtafute kwa macho kwanza.

5. Tuma orodha eBird, hata kama una shomoro tu.

Maswali mnayoniuliza

*Wamekuja chikadii 3, wakaondoka, wakarudi 4. Niandike 7?*
Hapana, dada. Andika 4, wengi uliowaona kwa mpigo. Huenda ni wale wale.

*Sisi tunakaa ghorofani, hatuna ua.*
Maegesho ya magari yanatosha. Mimi nilianzia kituo cha basi.

*Mbona kadinali anaimba na baridi hii?*
Hafuati joto, anafuata mwanga. Siku zikirefuka, mwili wake unajua msimu wa kuzaana unakaribia.

*Kaka, mbayuwayu wa hapa ndio wale tunaowaona Dar?*
Ni jamii moja, safari mbalimbali. Wa hapa huenda Amerika ya Kati na Kusini. Wa Dar hutoka Ulaya na Asia. Kwa hiyo Februari hii usimtafute dirishani, mpigie simu shangazi yako Dar akuhesabie.