Mbwa amezeeka? Weka alama kwenye kalenda kila jioni
Kama hujui iwapo wakati wa kumuaga mbwa wako mzee umefika, tundika kalenda jikoni na kila jioni uandike: siku njema au siku mbaya. Kwanza chagua mambo matatu anayoyapenda hasa, mfano kukimbilia geti ukipiga honi, kumaliza ugali wake, kuota jua. Akishindwa na mawili, hiyo ni siku mbaya. Mbaya zikizidi njema wiki mbili mfululizo, ongea na daktari wa mifugo kuhusu sindano ya kumpumzisha milele. Nairobi wapo wanaokuja nyumbani. Kalenda husaidia kwa sababu mapenzi husahau: akitikisa mkia asubuhi moja, unafuta kichwani wiki nzima ya kulia usiku. Aandike mtu mmoja, yule anayemlisha. Watoto watampa siku njema kila siku; waache waseme hivyo, ila wasiandike wao. Baridi ya Julai hukaza viungo, kwa hiyo usiamue kabla hajajaribu dawa ya maumivu ya daktari (si ibuprofen yako, inaweza kumuua). Na akivimba tumbo ghafla au kushindwa kupumua, achana na kalenda, mkimbize kliniki usiku huohuo.