Jinsi ya Kuomba Matokeo ya Vipimo vya Udongo wa Mtaa Wako nchini Kenya

Anayeishi karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, karakana au jaa la taka huambiwa mara kwa mara kwamba udongo wa mtaa wake ulipimwa na hauna neno, lakini karatasi yenyewe ya matokeo haonyeshwi. Karatasi hiyo inaweza kuombwa kwa barua ya ukurasa mmoja. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza namna ya kuziomba.

Umuhimu wa karatasi hizo ulionekana Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda kilichotoa madini ya risasi kwenye betri za magari kilijengwa kando ya nyumba za watu. Kilifungwa mwaka 2014, lakini sumu ilibaki ardhini, kwa kuwa risasi haiozi. Wakazi walikwenda mahakamani, wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, fidia hiyo ikatenguliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Katika kesi ya namna hiyo leseni, ripoti za ukaguzi na majibu ya maabara ndiyo ushahidi, na ni heri kuwa nayo mapema kuliko kuanza kuyatafuta wakati watoto wameshaugua.

Hatua ya kwanza ni kujua ofisi. Leseni na ukaguzi wa viwanda viko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, ilhali habari za jaa la taka kwa kawaida ziko kwa serikali ya kaunti. Ukikosea, barua yako haipaswi kutupwa: ofisi iliyoipokea ina siku 5 za kuihamishia panapohusika, na ni lazima ikujulishe.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo inayowashinda wengi, ni kutaja unachokitaka. Ukiuliza kama udongo wa mtaa wenu ni salama, utajibiwa kwa maneno mazuri yasiyo na takwimu hata moja. Omba nyaraka kwa majina yake, kwa mfano hivi: "Naomba nakala ya ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ya kiwanda kilichoko kiwanja nambari fulani, nakala za ripoti za ukaguzi wa mazingira za kila mwaka tangu 2019, na matokeo ya maabara ya sampuli zote za udongo zilizochukuliwa ndani ya nusu kilomita kutoka kiwanda hicho, yakionyesha kiasi cha risasi, kadimi na zebaki, tarehe, mahali na kina cha kila sampuli." Barua inaweza kuwa ya Kiswahili au Kiingereza, na haiwezi kukataliwa kwa sababu tu hukutumia fomu ya ofisi. Asiyejua kuandika ana haki ya kuandikiwa ombi lake na afisa, kisha apewe nakala. Ambatisha nakala ya kitambulisho, kwa sababu haki hii ni ya raia. Karani akikuuliza unazitakia nini habari hizo, mjibu kwa upole kwamba haki yako haitegemei sababu.

Peleka nakala mbili masijala na uondoke na moja iliyogongwa mhuri wenye tarehe. Usikubali kuambiwa uiache tu mezani, kwa kuwa muda wote wa kisheria unahesabiwa kuanzia siku ombi lilipopokelewa. Kuwasilisha ombi hakulipiwi chochote. Unaloweza kudaiwa ni gharama halisi ya kutoa nakala na kukufikishia.

Ofisi ina siku 21 za kutoa uamuzi, na inaweza kujiongezea mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14, ikiwa nyaraka ni nyingi au inahitaji kushauriana na wengine. Habari zinazohusu uhai wa mtu zinapaswa kutolewa ndani ya saa 48. Kwa maoni yangu, dai hilo litumiwe pale tu palipo na ushahidi, kama vile majibu ya hospitali yanayoonyesha risasi katika damu ya mtoto. Muda ukipita bila jibu, sheria inahesabu kwamba umekataliwa.

Ukikataliwa, una siku 30 za kuomba uamuzi upitiwe upya na Tume ya Haki za Kiutawala, ile ambayo wengi wanaiita Ombudsman. Sababu unayoweza kutarajia kupewa ni siri za biashara za mwenye kiwanda. Ijibu kwa kueleza kwamba maslahi ya umma katika kujua hali ya udongo wanaochezea watoto yanazidi madhara ya kufichua. Usiporidhika na amri ya Tume, rufaa huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 21.

Matokeo yakikufikia, tazama kwanza kina cha sampuli. Risasi iliyoanguka kama vumbi au moshi hukaa sentimita chache za juu, pale pale mikono ya mtoto inapogusa kabla ya kuingia mdomoni, kwa hiyo sampuli iliyochimbwa nusu mita inaweza kuonekana safi huku juu pakiwa na sumu. Kisha angalia kipimo: kwa kawaida ni miligramu kwa kila kilo ya udongo. Kwa kulinganisha, Marekani ilitumia 400 kama kiwango cha tahadhari kwa udongo wa makazi kwa miaka mingi, hadi ilipokishusha kuwa 200 Januari 2024. Ikiwa kina au mahali pa sampuli hapakuandikwa, andika barua ya pili ukidai hicho kilichokosekana, na uigongeshe mhuri kama ile ya kwanza.