Namna ya kumlaumu kocha bila kuongea pumba

Wanangu wa Man U, na nyie wengine mnaoteseka na timu zenu, nimeona niandike hiki kitu maana kila wikiendi tukitoka kibanda umiza kelele ni zile zile, kocha hafai, kocha aondoke, usajili wa magarasa, alafu ukimuuliza mtu kwa nini kocha hafai anakujibu "we huoni tumefungwa?" Kufungwa naona. Ninachotaka tujue ni tumefungwa na nini, maana kuna kufungwa na mfumo, kuna kufungwa na mchezaji aliyekosa la wazi, na kuna kufungwa na bosi aliyekaa ofisini dirisha zima la usajili asinunue kiungo. Kila kimoja kina mtu wake wa kulaumiwa, ukivichanganya utafukuza makocha mpaka uzeeke na timu iko pale pale.

Nitatumia Man U ya Ruben Amorim kwa sababu hiyo nimeitazama mpaka macho yameniuma, kuanzia Novemba 2024 alipotoka Sporting kurithi kiti cha Erik ten Hag hadi Januari 2026 alipofungashiwa virago.

Kabla ya yote, usiangalie mechi ukiwa na mkeka mfukoni. Nasema kwa uzoefu. Ukiwa umeweka timu yako ishinde na mabao zaidi ya mawili, huangalii tena mpira, unaangalia hela yako inavyokufa, na kila pasi ya nyuma unaiona ni wizi. Beti za ligi nyingine huko, ya timu yako iache.

Haya, sasa tafuta vizibo vya soda ishirini na mbili, kumi na moja vyekundu na kumi na moja vya bluu. Sitanii. Mi nilianza hivi pale kijiweni kwa mzee wa kahawa, nikapanga vyekundu kwenye benchi kwa mfumo wa Amorim: kipa, mabeki watatu, viungo wawili katikati, wing'beki (beki wa pembeni anayepanda na kushuka) mmoja kila upande, namba kumi (viungo washambuliaji) wawili na straika mmoja mbele. Vya bluu nikavipanga kawaida, mabeki wanne, viungo watatu, mbele watatu. Mzee wa kahawa, ambaye mpira anaufuatilia kwa kusikia tu makelele yetu, akainama akaangalia akaniuliza, "Kijana, hapa kati wenu wawili, wao watatu. Huyu wa tatu ni wa nani?" Nikamwambia mmoja wa namba kumi anashuka kumkaba. "Akishuka, huko mbele straika wako anacheza na nani?" Nikasema basi beki mmoja apande. Akachukua kikombe changu akakiweka pale beki alipotoka, kikombe chote kikaenea bila kugusa kizibo, alafu akaendelea kumega kashata zake. Mi sikuwa na jibu.

Hilo swali la mzee ndo kazi yako ya kwanza kwenye kila mechi: nani yuko huru katikati na anaachwa huru kwa sababu gani. Na hapa uwe mkweli, mfumo wenyewe siyo dhambi. Amorim na mabeki wake watatu aliipa Sporting ubingwa wa Ureno 2021 baada ya ukame wa miaka 19 akarudia 2024, na Crystal Palace ya Oliver Glasner ilibeba Kombe la FA 2025 mbele ya Man City ikicheza mfumo unaofanana na huo huo. Kwa hiyo ukisema "beki tatu haifai" kuna mtu atakunyamazisha kwa sentensi moja. Sema hivi: ule mfumo unataka viungo wawili wenye mapafu ya farasi, sisi tulikuwa na Casemiro wa miaka 33 na Bruno Fernandes ambaye ni namba kumi aliyeshushwa chini akabe. Hiyo hoja inasimama.

Shida ya kuangalia kwenye TV ni kwamba kamera inafuata mpira, na mfumo uko kule mpira usipokuwepo. Dawa ni kuchagua nyakati. Kipa akianzisha mpira kamera hurudi nyuma, hapo unaona timu nzima imesimamaje, hesabu haraka viungo wangapi wanakuja kuomba. Timu yako ikipoteza mpira hesabu moja hadi tano, angalia nani anakimbia kurudi na nani amenyoosha mikono analalamika kwa refa. Na angalia nyuma ya wing'beki, pale pembeni, mpira mrefu ukienda huko mara tatu kipindi cha kwanza na kipindi cha pili bado unaenda huko huko, hapo kocha ameshindwa kazi, usimtafutie mchawi mwingine. Mara moja ni mchezaji kalala, mara tatu hakuna aliyerekebisha.

Ninaposema kocha ameshindwa kazi nina mifano miwili na yote bado inaniuma. Wa kwanza ni Everton, Novemba 2025, Old Trafford. Dakika ya 13 Idrissa Gueye anamzaba kofi mchezaji mwenzake, ndiyo, mwenzake wa timu moja, anakula nyekundu. Wapinzani wako kumi, wamerudi nyuma wote, wameacha straika mmoja tu, na sisi mpaka mapumziko bado tuna mabeki watatu wanamlinda mtu mmoja. Mabeki watatu! Pale kibandani jamaa mmoja mbele yangu alisimama akauliza "wanamlinda asiibiwe?" watu wakacheka lakini ilikuwa hoja nzito kuliko uchambuzi wote wa studio. Tukala moja bila nyumbani. Hiyo huwezi kumlaumu mchezaji wala bodi, kizibo kimoja kilitakiwa kusogezwa mbele na hakikusogezwa.

Wa pili ni Grimsby, Agosti 27, 2025, Kombe la Carabao. Timu ya daraja la nne, mvua inanyesha, kwetu huku saa nne usiku, nusu saa haijaisha wanatuongoza mbili. Kamera ikamwonyesha Amorim kwenye benchi anasogeza vile vismaku kwenye kibao chake cha mbinu, nami nikakumbuka vizibo vyangu na mzee wa kahawa. Tukarudisha zikawa mbili mbili, tukaenda kwenye matuta, tukatolewa 12 kwa 11, Bryan Mbeumo kapiga mwamba. Sasa hapa ndo pa kujifunza kutenganisha: tuta la Mbeumo siyo la kocha, mchezaji wa bei ile kupiga mwamba ni mpira tu. Ila kuwa nyuma mbili kwa timu ya daraja la nne, huku kikosi kina akina Cunha, Sesko na Bruno ndani ya uwanja kwa wakati tofauti, hiyo ni ya kocha na anajua. Usimlaumu kwa matuta, mlaumu kwa nusu saa ya kwanza.

Na kuna hili la ubishi. Mwenyewe aliwahi kusema hata Papa wa Roma hawezi kumbadilisha mfumo. Mi binafsi kocha mwenye msimamo nampenda, lakini msimu wa 2024/25 ulikuwa umeshaisha tukiwa nafasi ya 15 na pointi 42, fainali ya Europa tumefungwa na Tottenham kule Bilbao, sasa msimamo huo unalinda nini? Kobbie Mainoo, kiungo, mtoto wa nyumbani, hakuanza hata mechi moja ya ligi msimu wa 2025/26 chini yake. Ukitaka kujua kocha anapenda mfumo kuliko timu angalia nani anakaa benchi, usiangalie nani anacheza.

Sasa tuje kwenye usajili, na hapa ndo tunaongea pumba zaidi, mi mwenyewe nikiwemo.

Kitu cha kwanza uliza nani ananunua. Amorim cheo chake kilikuwa kocha mkuu, siyo meneja mwenye sauti kwenye usajili kama enzi za Ferguson, juu yake alikuwepo Jason Wilcox mkurugenzi wa soka, na juu zaidi kina Ratcliffe wa kampuni ya INEOS walionunua sehemu ya klabu Februari 2024. Baada ya sare na Leeds, Januari 4, 2026, Amorim akawaambia waandishi kwamba alikuja kuwa meneja na siyo kocha tu, kesho yake akatimuliwa. Kwa hiyo ukiandika "Amorim kasajili magarasa" unampa mtu lawama ya duka ambalo funguo hakuwa nazo peke yake. Kinyume chake ni ten Hag, yule kila akikohoa analetewa mtu aliyewahi kupita Ajax, Antony, Lisandro Martinez, Onana, de Ligt, Mazraoui, pale lawama mpelekee na zake.

Cha pili, piga hesabu kama wanavyopiga wao, usiishie kwenye bei ya gazetini. Chukua Antony. Alikuja 2022 kwa kama pauni milioni 82, mkataba miaka mitano. Kwenye vitabu hiyo hela haihesabiwi mwaka mmoja, inagawanywa kwa miaka ya mkataba, yaani kama milioni 16 na kidogo kila msimu. Baada ya misimu mitatu imeshaliwa 49, imebaki kama 33 kitabuni. Wakamuuza Betis ya Hispania 2025 kwa kama 22. Hapo una shimo la milioni 11 hivi ambalo lazima lifukiwe, maana sheria ya Ligi Kuu England wakati huo haikuruhusu klabu ipate hasara zaidi ya milioni 105 kwa miaka mitatu. Hilo, pamoja na ile 16 ya kila msimu kabla yake, linafukiwa na nini? Na mtoto wa nyumbani. Mchezaji aliyekulia akademi kitabuni ni sifuri, ukimuuza hela yote ni faida. Ndo maana Scott McTominay aliuzwa Napoli Agosti 2024 kwa kama milioni 25, sisi tukasema ah mwache aende, msimu huo huo kabeba ubingwa wa Italia na kachaguliwa mchezaji bora wa ligi yao. Garasa mmoja aliyenunuliwa 2022 anakuuzia kiungo wako 2024, na kocha wa baadaye ndo anakuja kulaumiwa kwa kukosa kiungo. Ukiielewa hii hutaangalia tena dirisha la usajili kwa macho yale yale.

Cha tatu, linganisha kilichonunuliwa na kile kikombe cha kahawa, yaani lile pengo. Kiangazi cha 2025 walileta Cunha, Mbeumo na Sesko, watatu wa mbele, karibu milioni 200 ukijumlisha, na kipa Senne Lammens wa kama 18. Kiungo? Sifuri. Shimo liko katikati, hela imeenda mbele. Hilo ni la ofisi, na hapo ndo ningekuwa naelekeza makelele yangu mwezi wa nane, siyo Novemba baada ya kufungwa. Ila tuwe wa haki, Lammens ameonekana ni kipa, kwa bei ile ni dili la kuwapongeza waliomchagua. Mtu akilaumu kila usajili bila kusifu hata mmoja, huyo hachambui, ana hasira zake za kodi ya nyumba.

Alafu alipokuja Michael Carrick kushika kiti Januari 2026, akapanga mabeki wanne, Mainoo akaanza, tukaipiga City mbili bila na tukaenda kwa Arsenal tukashinda 3-2, kijiwe kizima kikasema unaona, ilikuwa mfumo! Taratibu. Desemba Mbeumo na Amad walikuwa AFCON Morocco, Bruno alikuwa majeruhi, walirudi karibu na wakati huo huo. Mfumo ulichangia, mi naamini sana ulichangia, ila ukitaka hoja isitobolewe taja na hayo kabla mpinzani wako hajayataja.

Kwa sisi wa Simba na Yanga kuna faida moja. Simba walipopigwa 5-1 na Yanga, Novemba 5, 2023, siku mbili tu kocha Robertinho akawa ameondoka, tukaridhika, hakuna aliyeuliza kikosi kile kilisajiliwa na nani. Ila huku kwetu mwanachama ana tawi na ana mkutano mkuu, anaweza kusimama na kadi yake akauliza swali la usajili mbele ya viongozi. Man U hatuna hicho, hata waliovaa nyeusi wakaandamana pale Old Trafford Machi 2025 dhidi ya wamiliki, familia ya Glazer, waliishia kupigwa picha. Kwa hiyo kama kadi yako ya uanachama umeilipia, nenda na swali moja tu, lililoandikwa, la jina la nafasi na siyo jina la mtu: namba sita (kiungo mkabaji) mbona hatujanunua? Ukitaja jina la mchezaji mkutano wote utageuka kumtetea au kumzomea, na swali lako limekufa hapo.

Vizibo beba. Mi vyangu niko navyo kwenye mfuko wa rambo, pungufu kimoja cha bluu, mtoto kakimeza nusu tukakitoa.