ParaView kwa laptopu ya kawaida: toa picha za simulesheni bila kujidanganya

Wakuu, hasa nyie wa vyuo vya huku Arusha na Moshi mliomaliza kuran OpenFOAM (programu ya kusimuleti mtiririko wa hewa na maji), folda limejaa namba na supavaiza anataka picha. Achaneni na programu za kukraki, ParaView, programu ya kugeuza hizo namba kuwa picha, ni bure na msimbo wake (source code) uko wazi, ilianza mwaka 2000 kwa ushirikiano wa Kitware na maabara ya Los Alamos kule Marekani, na inakubali Windows, Linux na Mac. Kuishusha inakula mamia ya MB, so tafuta waifai ya chuo. Ipo pia VisIt ya maabara ya Lawrence Livermore, nayo iko poa tu, ila kwa anayeanza na OpenFOAM mi nasema ParaView.

Tuchukue kitalu nyumba cha nyanya pale Tengeru, unataka kuona hewa na joto vinazungukaje ndani. Kwenye folda la kesi, yaani lenye data za simulesheni yako, weka faili tupu uliite kitalu.foam, yaani tupu kabisa, halina hata herufi, kazi yake ni kuionyesha ParaView data ilipo. Lifungue ila usikimbilie kitufe cha Apply. Kwanza shuka kwenye orodha ya Cell Arrays, toa tiki kwa kila usichohitaji, bakiza U (kasi ya hewa) na T (joto), laptopu ya GB 4 ipumue. Ndio sasa Apply. Hapa wengi huwa wanapaniki, picha inatoka rangi moja wanajua simulesheni imefeli, kumbe imefunguka kwenye muda wa mwanzo mwanzo au imeachwa Solid Color, nenda fremu ya mwisho kisha chagua T.

Ukiona boksi tu la nje ujue bado hujaona kitu, mambo yako ndani. Weka Slice upasue kitalu katikati, halafu juu ya hiyo Slice ongeza Glyph upate mishale ya U, usiweke Glyph kwenye data nzima, mashine itaganda na mishale yenyewe itakuwa kichaka. Kialama cha jicho pale Pipeline Browser (orodha ya hatua zako) ndio cha kuficha na kuonyesha kila hatua.

Sasa rangi, na hapa ndio watu wanadanganyana hata kwenye ripoti zilizopita. Una muundo wa madirisha ya pembeni na mwingine wa tundu la juu, kila mmoja umeufungua peke yake, ParaView inapanga rangi kwa namba ilizozikuta humo, nyekundu ya huku ni 308 na nyekundu ya kule ni 320, ukiziweka picha sambamba zinaonekana joto sawa na siyo kweli hata kidogo. Weka Custom Range moja kwa picha zote mbili. Na kama ni video, tumia ile ya kupanga rangi kwa timestepu zote. Rangi za upinde wa mvua ziache aisee, zinachora mipaka ambayo kwenye data haipo, chukua mpangilio wa rangi unaoitwa Viridis. Namba zenyewe ni Kelvin, ingia Calculator andika T-273.15, mkulima wa nyanya hawezi kukuelewa ukimwambia 308.

Mliotumia simpleFoam, solva mojawapo ya OpenFOAM, ile p (presha) siyo Paskali, imeshagawanywa kwa densiti, so mnazidisha tena, na msikopi densiti ya 1.225 ya usawa wa bahari, Arusha tuko kama mita 1,400 juu na siku ya joto hewa yetu iko karibu na kilo 1 kwa mita ya ujazo.

Umeme wetu mnaujua, kila ukipiga hatua fanya Save State. Faili la .pvsm linatunza hatua tu, data haimo, kwa hiyo ukihamia kompyuta ya mwenzako beba na folda la kesi. Na kama una kesi kumi za kufanana, washa Start Trace kwenye Tools, fanya moja kwa mkono, ParaView inakuandikia skripti ya Python, hizo tisa unabadilisha jina la faili tu unairan kwa pvbatch, komandi ya ParaView ya kuran skripti bila kufungua dirisha.